Mechi imeisha 1–0, hiti ni moja tu: bao lilitoka wapi?

Mwl_Uyole

Wakuu salaam. Nina kikosi cha besiboli cha vijana wa sekondari hapa Mbeya, miaka 15 hadi 17, na wiki hii tunachambua mechi ya Los Angeles Dodgers dhidi ya Chicago Cubs ya tarehe 9 Septemba 1965, ile ambayo Sandy Koufax hakuruhusu mchezaji hata mmoja wa Cubs kufika besi (vituo vinne anavyokimbilia mpigaji ili apate bao). Matokeo 1–0. Vijana wamekwama kwenye karatasi ya matokeo. Timu zote mbili kwa pamoja zina hiti moja tu (mpira uliopigwa ukamfikisha mpigaji besi), imepigwa iningi ya 7 (iningi ni zamu ya kila timu kupiga), lakini bao limeandikwa iningi ya 5. Wanauliza bao liliingiaje kabla ya hiti.

Swali la pili ni la uwanjani. Koufax alitegemea zaidi mipira miwili, wa kasi na wa kupinda. Warushaji wangu nao wana hiyo hiyo miwili, ila wa kupinda unagoma kupinda. Unafika pleti, pale anaposimama mpigaji, umenyooka, unapigwa mbali. Tatizo ni vidole au ni mwinuko wetu huu wa mita 1,700? Na nikitaka mechi ya mabao machache nianze kuwanoa kwenye kasi, kupinda au kulenga?

Karani_wa_Mabao

Mwalimu, la karatasi ni jepesi, na ni somo zuri kuliko hata ule ukamilifu wa Koufax.

Iningi ya 5 Dodgers wanapiga. Lou Johnson anapewa boli nne (mipira minne iliyopita nje ya eneo la straiki bila yeye kuipiga), anatembea hadi besi ya kwanza bure. Anayefuata ni Ron Fairly. Anapiga banti, yaani anagusa mpira kwa upole uanguke karibu, yeye anatolewa auti besi ya kwanza, lakini Johnson kashafika ya pili. Kisha Johnson anaiba besi ya tatu, yaani anaikimbilia bila mpira kupigwa. Mdakaji wa Cubs, Chris Krug, anatupa mpira kumuwahi, unampita mlinzi na kuingia uwanja wa nje wa kushoto. Johnson anainuka anakimbia nyumbani. Bao. Limeingia kwa kosa, hakuna aliyepiga hiti, kwa hiyo hata safu ya wapigaji waliosababisha bao haipati jina.

Waonyeshe jinsi linavyoandikwa: boli nne, banti ya kujitoa, besi iliyoibwa, kisha kosa namba 2. Namba 2 ni mdakaji. Mrushaji ni 1, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) 6, halafu walinzi wa nje 7, 8 na 9 kuanzia kushoto. Kwa sababu bila kosa lile Johnson asingeingia, bao halimhesabii mrushaji kwenye wastani wake wa mabao anayofungwa kwa kila iningi 9.

Sasa mwangalie huyo mrushaji wa Cubs, Bob Hendley. Alirusha iningi 8 akatoa hiti moja na besi moja ya bure. Zote mbili alipata Johnson yule yule. Mechi nzima hakuna mchezaji mwingine wa timu yoyote aliyefika besi! Hendley alifanya kazi ambayo siku nyingi ingetosha kushinda, akapoteza kwa boli nne na mpira mmoja uliopotea. Siku chache baadaye walikutana tena Chicago, Hendley akamfunga Koufax 2–1.

Kwa hiyo jibu la "nianze wapi": mechi ya 1–0 hupotea kwenye vitu vya bure kabla hujaanza kuzungumzia kasi. Kwenye daftari lako weka safu tatu kwa kila iningi, za besi za bure, makosa, na besi zilizoibwa. Zijumlishe mwisho wa mechi uzilinganishe na mabao uliyofungwa. Kwa vijana utaona mabao mengi yanapitia humo.

Mdakaji_Iringa

Naunga mkono Karani, ila niongeze upande wa pleti, maana hapo ndipo mechi kama hii inapojengwa.

Toka kwenye bamba la mrushaji, pale anapokanyaga akirusha, hadi pleti ni mita 18.44. Mrushaji anaachia mpira akiwa amenyoosha hatua, hivyo mpira wenyewe unasafiri kama mita 16 na nusu hadi 17. Kwa kilomita 150 kwa saa, ambayo ni kasi ya wachezaji wa kulipwa, unafika kwa takriban sekunde 0.4. Kijana wa kilomita 110 anampa mpigaji sekunde 0.55 hivi. Mpigaji yeyote aliyezoea ataiwahi hiyo 0.55 ikija kila mara ile ile. Lakini mpira wa pili ukija na kilomita 95, mkono ukitembea kwa mwendo ule ule, unafika sekunde 0.63. Tofauti hiyo ya 0.08 maana yake gongo limeshapita na mpira bado uko karibu mita mbili mbele ya pleti. Hiyo ndiyo kazi ya mipira miwili. Koufax alikuwa na kasi ya kutisha na mpira wa kupinda uliodondoka kutoka juu, na vyote vilitoka kwenye mwinuko mmoja wa mkono. Usiku ule alitoa watu 14 kwa straiki tatu (straiki ni mpira uliopita eneo la kupigwa, au mpigaji kaukosa), wakiwemo sita wa mwisho mfululizo.

Ushauri wangu kwa vijana ni kwamba mpira wa tatu, ule wa kupunguza mwendo, ufundishwe kabla hujahangaika na kupinda. Mpira unakaa ndani zaidi ya kiganja, umeshikwa na kidole cha kati na cha pete, cha shahada na gumba vinafanya duara pembeni. Mkono unakwenda kwa nguvu zote. Makosa mawili yanauharibu. La kwanza ni kupunguza mwendo wa mkono, mpigaji anauona mapema. La pili ni kuuminya sana, unakwenda juu na unaning'inia usawa wa kiuno.

Kulenga fundisha hivi. Pleti ina upana wa sentimita 43. Funga kamba mbili kati ya nguzo, moja usawa wa magoti, nyingine katikati ya mapaja, halafu ning'iniza kamba za wima kuonyesha theluthi ya ndani na ya nje. Mipira 20 ya kasi kwenye theluthi ya nje chini. Usihesabu kasi, hesabu ngapi zimepita ndani ya mstatili. Akifikisha 12 kati ya 20 ndipo ahamie upande wa ndani.

Na straiki ya kwanza, mwalimu. Mpigaji akiwa 0–1, yaani boli sifuri na straiki moja, anaanza kulinda, anafukuzia hata mpira unaotoka nje. Akiwa 2–0, boli mbili bila straiki, anasubiri mpira mmoja tu sehemu moja tu, na mrushaji wako analazimika kuuleta hapo hapo.

Fizikia_Makambako

La mwinuko nalichukua mimi.

Mpira unapinda kwa sababu unazunguka, na mzunguko unasukuma hewa upande mmoja. Nguvu hiyo inakwenda sawa na uzito wa hewa. Mbeya mjini, kwa mita 1,700, hewa ni kama asilimia 80 na kidogo ya ile ya Dar. Basi mpira ambao Dar ungepinda sentimita 30 kwa sababu ya mzunguko wake, Mbeya utapinda kama 25. Marekani wanao uwanja wa namna hii, Coors Field wa Colorado Rockies pale Denver, mita 1,600 hivi, karibu sawa na Iringa. Warushaji wanapafahamu kwa ubaya: mpira wa kupinda unapinda kidogo, na uliopigwa juu unakwenda mbali kwa sababu hewa inaukinga kidogo. Tangu 2002 wanahifadhi mipira ya mechi kwenye chumba chenye unyevu uliodhibitiwa, maana hewa kavu inaikausha, inakuwa miepesi na inaruka zaidi ikigongwa.

Zingatia hizo namba: 30 kwa 25. Mwinuko unakula sehemu moja kati ya sita. Mpira ambao *haupindi kabisa* haujaharibiwa na mwinuko, umeharibiwa na vidole.

Jaribio ni hili. Chukua mpira mchakavu, zungushia utepe mweusi wa mafundi umeme, mstari mmoja upana wa sentimita moja kuzunguka mpira wote. Mrushaji aweke kidole cha kati juu ya mstari huo. Arushe taratibu kwa mwenzake aliyesimama mita 10. Kama mstari unabingirika mbele wima bila kuyumba, mzunguko ni mzuri na mpira utadondoka. Kama mwenzake anaona doa moja limetulia mbele ya mpira, mpira unazunguka kama risasi, mhimili umeelekea anakokwenda, na mzunguko wa hivyo haupindishi kitu hata ukiwa ufukweni Tanga. Chanzo chake karibu kila mara ni kuzungusha kiwiko au kifundo kama anayefungua kitasa, badala ya kuvuta kidole cha kati chini mbele ya mpira na gumba kupanda nyuma yake. Huo mzungusho wa kitasa pia unaumiza kiwiko, kwa hiyo usiuache uendelee.

Jambo jingine ambalo timu za nyanda za juu huwa zinalisahau: mkishuka Dar kwenye mashindano, mpira ule ule mzuri utapinda zaidi ya mlivyozoea. Unaoanza usawa wa magoti huku utaangukia kwenye vumbi kule. Tengeni siku moja kamili Dar kabla ya mechi, warushaji warushe mipira 25 na mdakaji, na wauanzishe juu kwa sentimita tano hivi kuliko Mbeya.

Mpira wa kupunguza mwendo aliousema Mdakaji hauathiriki sana huku, kwa sababu unategemea muda na mvutano wa dunia, na mvutano haubadiliki ukipanda mlima Loleza.

Mdakaji_Iringa

Fizikia, hapo kwenye utepe umenena. Napinga kidogo tu: usiku wa Juni na Julai Njombe au Uyole, kabla ya kulaumu vidole angalia baridi. Ngozi ya mpira ikiwa baridi na kavu inateleza, kidole hakishiki mshono, mzunguko unapungua hata kama mbinu ni sahihi. Unga wa utomvu wa msonobari kwenye kifuko cha kitambaa unasaidia. Usiweke mafuta wala kitu cha kunata, kanuni inakataza.

Mwl_Uyole

Ahsanteni sana, nimeelewa. Jaribio la utepe tutalifanya kesho.

Yamebaki mawili. Tunarushia juu ya ardhi tambarare na nataka kujenga tuta la mrushaji. Vipimo sahihi ni vipi, na udongo gani kwa hapa? Na kwenye mechi iliyobana, 0–0 iningi ya 6, namwacha mrushaji hadi lini? Vijana wamesikia habari za Jack Morris kurusha iningi 10 kwenye fainali ya 1991, na sasa kila mmoja anataka kumaliza mechi mwenyewe.

Kocha_Njombe

Mwalimu, tuta kwanza.

Duara lenye kipenyo cha mita 5.5. Kitovu chake kiwe mita 17.98 toka ncha ya nyuma ya pleti, na ukingo wa mbele wa bamba uwe mita 18.44, yaani nyuma ya kitovu kwa sentimita 46. Bamba ni 61 kwa 15. Kimo ni sentimita 25 juu ya usawa wa pleti. Kuanzia sentimita 15 mbele ya bamba, mteremko unashuka sentimita 2.5 kwa kila sentimita 30. Vuta kamba yenye pima-maji toka pleti, usikadirie kwa macho, kwa sababu uwanja mwingi wa shule umeinama na tuta la 25 linaweza kuwa 35 au 15 bila wewe kujua. Kimo hiki si cha kubahatisha. Hadi 1968 kilikuwa inchi 15, sawa na sentimita 38. Mwaka huo Bob Gibson wa St. Louis Cardinals alimaliza na wastani wa mabao 1.12 na wapigaji wakawa hoi ligi nzima, ndipo 1969 wakashusha tuta hadi inchi 10 na kupunguza eneo la straiki. Ukijenga refu kuliko hapo, unawadanganya warushaji wako na unawaumiza.

Udongo: kiini jaza udongo wa kawaida, tabaka za sentimita 5, mwagia maji, shindilia, ngoja ushike, kisha tabaka jingine. Ukimwaga wote kwa mara moja utatitia. Sentimita 10 za juu, na hasa mbele ya bamba na pale mguu unapotua, tumia udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa. Unashika kama mfinyanzi na haupasuki haraka. Mchanga usizidi sehemu moja kwa nne za kichuguu. Ukizidi, shimo linachimbika pale mguu unapotua, mrushaji anatua chini kuliko alivyozoea na mipira yote inapanda juu. Mkiona mrushaji ghafla anakosa straiki iningi ya 4, kagueni shimo kabla ya kumkaripia. Bamba likikosekana, ubao mgumu uliofunikwa kipande cha tairi, umefungwa kwenye vigingi viwili vya sentimita 40 vilivyozama ardhini, na vichwa vya misumari vizame visiguse kiatu.

Sasa Morris. Tarehe 27 Oktoba 1991, mechi ya 7, Minnesota Twins na Atlanta Braves, Minneapolis. Morris alirusha mipira 126, iningi 10, hiti 7, bila bao. Alikuwa na miaka 36, mtu mzima mwenye misimu mingi mkononi, na ilikuwa mechi ya mwisho ya mwaka. Hakuna kesho ya kumlinda. Meneja Tom Kelly mwenyewe alitaka kumpumzisha baada ya iningi ya 9. Kijana wako ana kesho.

Mwongozo wa Marekani kwa vijana wa miaka 15 na 16 ni mipira 95 kwa siku, wa 17 na 18 ni 105, na hicho ni kikomo, si lengo. Mapumziko kwa miaka 15–16 ni hivi: akirusha hadi 30 anaweza kurudi kesho, 31–45 siku moja, 46–60 siku mbili, 61–75 siku tatu, 76 na zaidi siku nne. Hesabu mipira ya mechi kwa kibonyezo au kwa vijiti kwenye daftari, na asiende kudaka siku hiyo hiyo baada ya kurusha, mkono wa mdakaji nao unarusha kila mpira kurudi.

Kabla hajafika kikomo, dalili zinatokea. Kiwiko kinashuka chini ya bega. Mipira inapita juu ya kamba ya mapaja kwa sababu anaachia mapema. Anachukua muda mrefu kati ya mpira na mpira. Anaanza kutikisa mkono au kushika kiwiko kwa ndani. Dalili mbili kwa pamoja, mtoe, hata kama ni 0–0 na wamebaki watu watatu. Mrushaji wa akiba aanze kupasha iningi mbili kabla, na asubuhi za baridi aanze kwa kukimbia kwanza hadi jasho litoke ndipo ashike mpira.

Karani_wa_Mabao

Kwa kuwa imetajwa 1991, wafundishe vijana iningi ya 8 ya mechi hiyo, maana Morris hakuokoka peke yake.

Ni 0–0. Lonnie Smith wa Braves yuko besi ya kwanza, anaanza kukimbia, Terry Pendleton anapiga mpira mrefu hadi ukutani. Smith angefika nyumbani kirahisi. Lakini karibu na besi ya pili Chuck Knoblauch na Greg Gagne wanaigiza kana kwamba mpira umepigwa chini na wanaukamata. Smith kapoteza mpira machoni, anasita, anaishia besi ya tatu. Watu wawili, ya pili na ya tatu, hakuna auti. Ron Gant anapiga mpira dhaifu kwa besi ya kwanza, auti moja, wakimbiaji hawasogei. David Justice anapewa besi ya bure kwa makusudi ili kila besi iwe na mtu. Sid Bream anapiga chini kwa Kent Hrbek, anatupa nyumbani, mdakaji anarudisha kwa Hrbek. Auti mbili kwa mpigo, 3-2-3 kwenye karatasi.

Hilo la 3-2-3 linafanyika mazoezini. Besi zote zina watu, walinzi wa ndani wanasogea hadi kwenye nyasi. Anayeukamata anatupa kifuani kwa mdakaji upande wa glovu, mdakaji mguu wake mmoja uko juu ya pleti tayari, anasogea hatua moja ndani ya uwanja ili asimgonge mkimbiaji kwa mpira, ndipo anatupa. Hatua hiyo ikirukwa, mpira unampiga mkimbiaji mgongoni na bao mbili zinaingia. Mara 10 kila zoezi, mara 5 ukiwa na mkimbiaji wa kweli.

Iningi ya 10 Twins wakashinda kwa njia ya kawaida kabisa ya mechi hizi. Dan Gladden alipiga mpira huku gongo likivunjika, ukaanguka kati ya walinzi, akakimbilia besi mbili. Knoblauch akagusa banti, Gladden akafika ya tatu. Braves wakawapa Kirby Puckett na Hrbek besi za bure ili wapate auti popote. Walinzi wa nje wakasogezwa karibu, kwa sababu mpira mrefu hata ukidakwa ungeleta bao. Gene Larkin akaupitisha juu yao mpira wa kwanza tu aliorushiwa.

Mwl_Uyole

Sawasawa kabisa. Basi ratiba ya wiki ijayo ni utepe na kamba Jumatatu, banti na 3-2-3 Jumatano. Kocha wa Njombe, tuta likikamilika kabla ya mvua za Novemba, nalifunikaje?

Kocha_Njombe

Turubai, liwe kubwa kuliko duara kwa mita moja kila upande, limebanwa kwa matairi ya zamani, si mawe, mawe yanalitoboa. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 10 kulizunguka, ukiishia upande wa bondeni. Mvua ikikatika lifunue mara moja, udongo wa kichuguu ukifunikwa mbichi siku tatu unalainika na kubomoka. Kabla ya kila mazoezi mwagia maji kidogo, jaza shimo la mguu kwa udongo mbichi, shindilia kwa mchi wa ubao. Baada ya mazoezi rudia, maana shimo likikauka wazi, udongo mpya haushikani nalo.